Macho Yaliyokaa Kiti cha Nyuma

Habari hii nilipewa na Editha Ngimbudzi mwenyewe, kwa siku tatu, mwezi wa saba wa mwaka ule baridi ilipounguza viazi vya Njombe mpaka majani yakalala meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Alikuja kuniamkia tu, manyunyu yakamzuia, akakaa jikoni kwangu akimenya njegere, na kila bakuli lilipojaa alikuwa amefika mahali pengine pa habari yake. Naiweka kama alivyoiweka yeye, ila pale aliposema maneno ya chuo nimeyasema kwa maneno ya jikoni.

Editha alikuwa mtafiti. Kazi yake ilikuwa kuwachunguza waendesha bodaboda: wanachoka saa ngapi, mgongo unawauma wapi, wanaogopa nini, na kwa nini huyu anaanguka na yule haanguki. Pikipiki za petroli zilikuwa zimekwisha barabarani. Zilizobaki zilikuwa za umeme, zinapita kimya kama paka, na malori vilevile. Mtu ulikuwa unashtukia upepo ndipo unajua kuna kitu kimepita.

Na kila pikipiki mpya ya nyanda za juu ilikuwa ije na kitu ndani yake walichokiita Mlezi. Mlezi haonekani kwa macho. Ni akili iliyokaa chini ya kiti. Ikiona unakosea inakaza breki kabla hujakaza wewe, au inakuvuta usukani kidogo, kama mama anavyomvuta mtoto mkono sokoni. Shida ni kwamba Mlezi hazaliwi anajua. Anafundishwa. Na wakubwa wa chuo walikwishaona kwamba wa kumfundisha si kitabu, ni mtu.

Basi chuo kikashona makoti mia mbili, kikayagawa vijiweni. Nje lilikuwa koti la mvua la kawaida, la kijani, lakini ndani lilikuwa na nyuzi zinazosikia: moyo unavyodunda, jasho, mgongo ulivyopinda, vidole vinavyobana mpini. Kiti cha abiria nacho kikavishwa nyuzi hizohizo, kwa sababu Editha alisema huwezi kumjua mwendeshaji usipomjua abiria wake.

Hakuna aliyevaa koti kabla Editha hajakaa naye ana kwa ana. Waendesha bodaboda ni watu waliozoea kuandikwa: polisi anawaandika, mgambo anawaandika, mtu wa leseni anawaandika, na kila kalamu inakuja na adhabu. Kwa hiyo Editha hakuja na kalamu. Alikuja na kidau cha wino, akawaambia kila mmoja maneno yaleyale: "Mwili wako hautakushtaki. Koti likijua jambo lako, nitalijua mimi. Jina lako halitoki ila kwa mdomo wako." Mtu akiweka dole gumba kwenye karatasi, naye Editha anaweka lake pembeni. Alifanya hivyo mara mia mbili. Alikaa wiki tatu na kidole cheusi, akisonga ugali nacho.

Makoti yakasikiliza miezi saba. Na katika watu mia mbili, mmoja akawa kama nyota.

Alikuwa namba arobaini na moja. Kwenye mashine za chuo hakuwa na jina, lakini Editha alimjua: Yosia Mgaya wa kijiji cha Kihanga, mtu wa miaka hamsini na nane, mrefu, mwenye masikio makubwa na sauti ndogo. Miaka kumi na tisa barabarani, hajawahi kumwangusha mtu. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kwa abiria wake. Mtu akipanda pikipiki ya mwingine, moyo wake ulipanda na kukaa juu mpaka ashuke. Akipanda ya Yosia, moyo ulipanda kidogo, ukafika darajani, ukatulia. Wajawazito walitulia. Bibi mmoja wa miaka themanini alisinzia. Mgonjwa wa mgongo alisema afadhali kiti cha Yosia kuliko godoro lake.

Kijiweni walimtania. Kulikuwa na mwendeshaji mmoja aitwaye Mtewele, mbeba viazi, mdomo wake haujui Jumapili.

"Daktari," alimwambia Editha siku moja, "huyu mzee usimwandike. Anatuharibia biashara. Akitoka kushusha mtu harudi mtupu, anaokota bibi yeyote njiani anambeba bure. Sisi tukiomba nauli tunaonekana wachawi."

"Na wewe okota," Yosia akamjibu.

"Niokote wapi? Mimi nyuma nimebeba magunia matatu. Na wewe ukiamka asubuhi una mke nyuma. Mama Lusungu hana imani na wewe kabisa! Anakusindikiza mpaka kijiweni, halafu anarudi kwa miguu. Kilomita nne! Wivu gani huo wa saa kumi na mbili asubuhi?"

Watu wakacheka. Yosia naye akacheka, akafuta kiti cha nyuma kwa kitambaa chake, polepole, kama anayefuta meza ya ibada. Cha mbele hakukifuta.

Mwisho wa mwezi wa saba wa utafiti, Profesa Luvanda, mkubwa wa Editha, akapiga simu kutoka chuoni. Alikuwa na furaha ya mtu aliyechimba kisima akapata maji.

"Editha, tumeshaamua. Ijumaa tunamimina arobaini na moja ndani ya Mlezi. Pikipiki elfu tatu. Hebu fikiria, elfu tatu zinazoendesha kama mtu huyo! Nataka tu uzisafishe takwimu zake, utoe vumbi."

Ilikuwa Jumanne. Editha akatengeneza chai, akakaa kuchambua, kama mtu anavyochambua mchele: hakutafuta kitu, alitoa mawe. Mashine ilimwekea mistari miwili, mmoja wa mwendeshaji na mmoja wa abiria, ikipanda na kushuka. Jambo baya likitokea barabarani, kuku akivuka au gari likijitokeza, mistari yote inaruka. Na siku zote wa mwendeshaji unaruka kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayetazama mbele. Abiria anafuata. Kwa watu mia moja tisini na tisa ilikuwa hivyo.

Kwa Yosia ilikuwa hivyo kwa mambo ya kushoto. Kwa mambo ya kulia, aliyeruka kwanza ni abiria.

Editha akadhani mashine imegeuza. Akaangalia siku nyingine. Akaangalia wiki nzima, halafu mwezi. Kila mara kitu kilipotoka kulia, kwanza magoti ya abiria yalibana. Kabla kope haijapiga, mkono wa Yosia ukasogea. Kabla ya magoti yale kubana, kwa Yosia hapakuwa na kitu. Mwili wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi.

Akauliza mashine: mtu huyu ameendesha mara ngapi bila abiria? Katika miezi saba ilipata safari nne. Zote asubuhi, zote ukingoni kabisa mwa barabara, mwendo wa mtu anayetembea na mtoto.

Chai ikapoa. Editha alikaa akitazama ile mistari, na kitu cha kwanza alichokisikia, aliniambia, hakikuwa hofu. Kilikuwa heshima. Mtu huyu jicho lake la kulia lilikuwa limekufa, na alikuwa ameng'amua, bila chuo na bila koti, namna ya kuona kwa miili ya watu wengine. Utulivu ule wote uliosifiwa ulitoka hapo. Alikuwa mpole kwa sababu alikuwa anasikiliza.

Hofu ikaja baadaye, na ilipokuja ikakaa. Ijumaa, pikipiki elfu tatu zingefundishwa kuendesha kama Yosia. Zikiwa na mtu nyuma, sawa. Lakini zikiwa na magunia ya Mtewele? Gunia halina magoti. Zingekwenda vipofu upande wa kulia, upande magari yanakotokea, na Mlezi angemzuia hata mwendeshaji mwenye macho yake mazima kukwepa.

Afanye nini? Akimwambia Profesa, Profesa atauliza ni nani, na mtu wa leseni atasikia, na Yosia atavuliwa pikipiki na mwili wake mwenyewe, mwili ambao Editha alimwapia kwa dole gumba kwamba hautamshtaki. Na waendeshaji wengine wangejifunza nini? Kwamba koti lile ni polisi aliyeshonwa ndani. Asipomwambia, basi Jumamosi barabara zote za milimani zina kifo kinachotembea kimya.

Hapo ndipo Editha alipofanya kosa, na alinisimulia bila kulipaka mafuta. Alisema, labda mashine inadanganya. Acha nijaribu mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya, lakini ni watu wa takwimu tu wanaoweza kufanya kosa la namna hiyo: kutaka kipimo kimoja zaidi.

Jumatano saa moja asubuhi akaenda kijiweni, akapanda nyuma ya Yosia, akamwambia ampeleke Kihanga.

"Kamwene, Daktari," Yosia akamsalimia. "Leo umekuja kunipima au kusafiri?"

"Kusafiri tu, Baba Lusungu."

Alisema uongo. Walipopita daraja, Editha akaipanua miguu, magoti yasimguse Yosia wala kiti, akashika keria la nyuma kwa mikono miwili, akajikaza asitikisike. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai. Alihisi kitu kikibadilika mara moja. Pikipiki ikapunguza mwendo. Kichwa cha Yosia kikaanza kugeuka kulia, kushoto, kulia, kama cha kuku aliyesikia mwewe.

"Umekaa vizuri, mwanangu?"

"Vizuri."

"Sogea mbele kidogo."

Hakusogea. Wakaingia kona yenye miti ya miwati. Mbele yao lilikuwa trekta la chai likija taratibu upande wake, na nyuma ya trekta, bila mlio wowote, likachomoza lori la mbao linalotaka kulipita. Editha aliliona lote, kuanzia namba zake mpaka gogo la juu lililolegea. Yosia alikuwa amemgeukia kidogo, kushoto, kutaka kumuuliza tena. Pikipiki ikaenda mbele, sawa kabisa, kuelekea lori.

Editha aliniambia alihesabu moja. Alihesabu na mbili. Akili yake ilikuwa bado inaandika matokeo. Magoti ndiyo yaliyokataa. Yalijibana yenyewe, yakambana Yosia kiunoni kwa nguvu zote, na hapohapo, kabla hajapiga kelele, pikipiki ikalala kushoto, laini, ikateleza kwenye majani ya ukingoni, ikasimama chini ya miwati. Lori likapita na upepo wake. Wangekuwa wamebeba kapu la mayai, hata moja lisingevunjika.

Ndege wakalia juu yao.

"Daktari," Yosia akasema bila kugeuka, "leo umenifunga macho."

Editha akashuka, akakaa kwenye majani yenye umande. Alitaka kuomba msamaha, machozi yakatangulia.

"Nilitaka kujua," akasema.

"Ungeniuliza."

"Ungenijibu?"

Yosia akavua kofia ngumu, akaitazama. "Sijui," akasema. "Labda nisingekujibu. Lakini ungekuwa umeniuliza."

Akamweleza, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Miaka mitatu iliyopita jicho lilianza kuingia kiza pembeni, kama kioo cha chemli kinavyoingia masizi. Siku moja akamimina chai nje ya kikombe. Hospitali wakamwambia ni presha ya macho, limekwenda, tulinde hili jingine. Akaamua kuacha kazi. Asubuhi ya siku ya kuacha akambeba bibi mmoja wa Uwemba, awe abiria wa mwisho. Njiani bibi akambana magoti. Yosia akakwepa, bila kujua anakwepa nini. Kilikuwa kigari cha ng'ombe.

"Nikasema, kumbe macho ninayo. Yamehamia nyuma. Nikaanza kujifunza. Kila mtu ana magoti yake, Daktari. Wanafunzi wanabana kwa mambo yasiyo na maana. Wamama wanabana kidogo lakini hawakosei. Walevi hawabani kabisa, walevi siwabebi. Zamani za petroli ningesikia lori kwa masikio. Sasa hivi dunia imenyamaza, nimebaki na magoti."

Nyuma yao wakasikia ndala zikipiga lami. Alikuwa Sayuni, mke wa Yosia, mama Lusungu, mwanamke mfupi mwenye kitenge cha bluu na sweta la mwanaume, anatoka kijiweni kurudi nyumbani kwa miguu kama kawaida yake. Akamtazama mumewe chini ya mti, akamtazama Editha kwenye majani.

"Amejua," akasema. Hakuwa anauliza.

"Amejua," Yosia akaitika.

Sayuni akakaa karibu na Editha, akatoa kiazi cha moto kwenye kitambaa, akakikata katikati, akampa nusu. "Kula."

Ndipo Editha akaelewa zile kilomita nne. Zile safari nne za peke yake zilikuwa siku ambazo Sayuni aliugua. Miaka mitatu mwanamke huyu ameamka saa kumi na moja, amepanda nyuma kuwa jicho la mumewe mpaka kijiweni penye abiria, halafu amerudi kwa miguu kwenye baridi, huku mji mzima ukimcheka kwamba ana wivu.

"Kwa nini hukuwaambia si wivu?" Editha akauliza.

"Ningewaambia ni nini?" Sayuni akasema. "Na mimi wivu ninao pia. Kidogo."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu waliokoswa na lori.

Halafu Editha akawaambia yaliyobaki. Akawaambia kuhusu Ijumaa, Mlezi na pikipiki elfu tatu. "Nilikuahidi jina lako halitatoka ila kwa mdomo wako," akamwambia Yosia. "Na halitatoka. Nimeshakukosea leo, sitakukosea mara ya pili. Lakini siwezi kuwapa watu uendeshaji wako bila magoti yaliyokaa nyuma yako. Ukiniambia ninyamaze, nitafuta takwimu zako zote, nitamwambia Profesa zimeharibika, nami nitaacha kazi, kwa sababu nitakuwa nimesema uongo. Basi. Amua wewe."

"Hizo pikipiki zitabeba viazi?" Yosia akauliza.

"Nusu yake."

"Mtewele ameandikishwa kupata moja," akasema. Akachuma jani la mwati, akalichunguza. "Mtewele hajui kwamba mimi hucheka utani wake wa kushoto tu. Akinifanyia vituko kulia simwoni." Kisha akasema, "Nipe mpaka Ijumaa asubuhi."

Siku ile alimbeba Sayuni mpaka nyumbani, na Editha akarudi mjini kwa miguu, kilomita zilezile. Alitaka kuzipima kwa nyayo zake.

Ijumaa saa moja kijiwe kilikuwa kimejaa. Yosia alifika na mkewe nyuma kama siku zote, lakini hakushuka Sayuni peke yake. Yosia naye akashuka, akachomoa ufunguo, akavua lile koti la kijani, akalikunja, akaliweka juu ya kiti cha nyuma. Mtewele alikuwa anakaza kamba za magunia.

"Mzee, leo mama amekufukuza nyumbani na koti?"

"Jamani," Yosia akasema, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa ndogo watu wakalazimika kunyamaza. "Jicho langu hili la kulia halioni. Miaka mitatu sasa. Nimewabeba watu wenu kwa jicho moja na kwa magoti yao. Ndiyo maana sirudi mtupu. Mlinisifu kwa wema, nikanyamaza, sifa ilinipendeza. Leo nasema mwenyewe, kabla mashine haijachukua upofu wangu ikampa Mtewele."

Alikuwepo mama Roida, muuza ndizi wa pale kijiweni, mtoto wake mgongoni. Akajitokeza mbele.

"Ulinibeba nikiwa na huyu tumboni," akasema.

"Nilikubeba."

"Ungeniambia."

"Ungepanda?"

"Nisingepanda!"

"Ndiyo," Yosia akasema. "Ndiyo maana nilikosa. Nilikuamulia."

Mama Roida akamtazama kwa jicho kali, akapandisha mtoto mgongoni, akarudi kwenye ndizi zake. Hakumsamehe siku ile. Editha alisema ilichukua mpaka Krismasi, na hata hapo alimsamehe kwa ndizi mbichi, hakumpa zilizoiva.

Mtewele ndiye aliyefuata. Akamsogelea Yosia upande wa kulia, akatoa ulimi wote nje. Yosia hakutikisika. Mtewele akazunguka kushoto, akautoa tena. Yosia akampiga kofi la begani.

"Ni kweli!" Mtewele akapiga ukelele. "Miaka mitatu nimepoteza ulimi wangu bure!" Halafu uso ukambadilika, akageuka akaegemea magunia yake, akawa anafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mzee," akasema, "hilo Mlezi lingeniua mimi."

Yosia akamgeukia Editha. "Sasa jina limetoka kwa mdomo wangu. Mpigie huyo Profesa wako."

Profesa Luvanda alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo Editha bado anampenda kwalo. Hakuuliza takwimu zimepotea ngapi. Aliuliza, "Huyo mzee anaweza kutufundisha hayo magoti?"

Mlezi alicheleweshwa miezi minne. Wakamtengeneza upya kwa sehemu mbili. Macho wakayachukua kwa waendeshaji thelathini wenye kuona vizuri. Usikivu wakauchukua kwa Yosia: kiti cha nyuma kikafundishwa kumsikia aliyekaa juu yake, kumjua mwanafunzi anayebana ovyo na mama asiyekosea, na kumpelekea mwendeshaji habari, mtikiso mdogo kwenye mpini, kulia au kushoto. Na kikiwa kimebeba gunia, Mlezi alijua ni gunia, akasema wazi kwa taa nyekundu: nyuma yako hakuna mtu, tazama mwenyewe. Taa ile wenye vijiwe waliipa jina. Wanaiita Yosia. "Leo naendesha na Yosia," mtu anasema, maana yake nimebeba mzigo, nipisheni.

Leseni yake Yosia alikwenda kuirudisha mwenyewe, amevaa koti la kanisani. Chuo kikamwandika kuwa mwalimu. Kazi yake ni kukaa nyuma ya waendeshaji wapya, mmoja baada ya mwingine, awafundishe kusikiliza. Aliipenda. Ila hakuipenda mara moja, na hapa ndipo Editha aliponimalizia.

Siku ya kwanza ya pikipiki mpya, mwendeshaji wa kwanza aliyeshika ufunguo alikuwa Sayuni. Alikuwa amejifunza kimyakimya ile miezi minne, Mtewele akimfundisha uwanjani kwa matusi ya kirafiki. Barabara hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa ameiangalia miaka mitatu juu ya bega la mumewe, na ameipima kwa ndala.

"Panda, baba Lusungu," akasema. "Nikurudishe nyumbani."

Kijiwe kizima kikapiga honi. Yosia akapanda nyuma, mahali ambapo hajawahi kukaa maisha yake yote. Editha akafuata nyuma kwa pikipiki ya Mtewele, kioo cha mashine mkononi, mstari wa abiria mbele yake. Magoti ya Yosia yalibana kwa kila kitu. Yalibana kwa mbuzi, kwa shimo, kwa kivuli. Upande wa kulia yalibana hata pasipo na kitu, kwa sababu pale palikuwa kiza na hapakuwa na goti la mtu wa kumwambia. Sayuni hakumwambia tulia. Alipunguza mwendo kidogo kila mara, kumjulisha amesikia, kisha akaendelea. Walipofika kona ya miwati magoti yalibana sana, na Sayuni akapinda kona ile kama anavyokunja kitambaa. Walipovuka kijito cha Kihanga, mstari ukashuka. Ukashuka tena. Ukalala chini kama mistari ya abiria wake wote wa miaka ile.

Nyumbani Sayuni aliwasha moto, ilikuwa saa sita mchana na baridi bado inauma mifupa. Mtewele akanywa kikombe kimoja cha ulanzi, pombe ya mianzi, akaenda kwenye viazi vyake. Yosia alijinyoosha kwenye benchi la ukutani, akisema anapumzisha mgongo tu, na kabla hajamaliza kuusema alikuwa anakoroma, jicho lake zima na jicho lake bovu yamefumba sawasawa. Sayuni akasonga ugali, akaufunika. Akakaa kwenye mkeka na kuegemea benchi, kichwa karibu na goti la mumewe. Kesho asubuhi hakuwa na kilomita za kurudi. Akalala ameshika mwiko.

Editha akabaki na moto. Akafungua daftari lake, akaandika namba arobaini na moja, akaikata. Pembeni akaandika Yosia Mgaya na Sayuni Mgaya, akatafuta kidau cha wino kwenye mfuko, akaweka dole gumba lake chini ya majina yale mawili. Alitaka kuandika na saa. Kalamu ikateleza kwenye kitenge, daftari likafuata, na sufuria la ugali likaendelea kupoa taratibu, kwa sababu jikoni mle hakuna tena aliyekuwa macho.